Shahidi wa Moto Usiozimika

Kuna watu wanaopachikwa jina la utani likawaganda mpaka wao wenyewe wanakaribia kulisahau lile walilopewa na wazazi. Mmoja wao alikuwa mzee huyu aliyeitwa Baridi. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha chupa, upande wa tanuri la kuyeyushia kioo, mahali ambapo nzi akipita anajuta. Wenzake walikuwa wanatoka zamu wameloa kama waliotumbukia mtoni, yeye anatoka na shati kavu. Basi vijana wakasema huyu si mtu, huyu ni baridi. Jina likatoka kiwandani, likaenda naye mtaani, likaingia naye kanisani.

Juu ya tanuri lenyewe inafaa nieleze kidogo, maana bila hilo habari hii haina miguu. Tanuri la kioo si kama la mwoka mkate, ambalo kazi ikiisha unalizima unakwenda kulala. Hili likishawashwa limewashwa. Mchanga, magadi, chokaa na chupa zilizovunjika vinamiminwa humo, vinayeyuka, vinakuwa uji mzito unaong'aa. Uji huo ukiachwa upoe humo ndani unaganda kuwa jabali, matofali yanapasuka, na mwenye kiwanda anabaki kushika kichwa. Kwa hiyo linawaka mchana na usiku, siku za kazi na siku za mapumziko, miaka nenda miaka rudi, mpaka kuta zake zenyewe zichoke. Zamu zinapopokezana, anayetoka humwambia anayeingia, "Li hai." Anayeingia hujibu, "Nimelipokea." Maneno hayo yasiposemwa, hakuna anayevua glavu, hata kama mkewe anajifungua.

Sasa ikawa siku moja Mchungaji wao alikuja kutembelea kiwanda. Akapewa kile kioo cheusi cha kuchungulia, akachungulia, akatoka pale amenywea. Tangu siku hiyo Baridi akapata kazi ya pili asiyolipwa. Mchungaji akifika penye habari za jehanamu, alikuwa anakatiza mahubiri na kuangaza macho kwenye viti.

"Mzee Baridi, hebu simama. Moto wenu ulizimika lini mara ya mwisho?"

"Haujazimika, Mchungaji."

"Mwaka jana je?"

"Haujazimika."

"Kanisa mmesikia! Na huo ni wa binadamu, wa kununua mafuta!"

Watu wanaguna. Kina mama wanajipepea kwa vitambaa. Baridi anakaa polepole, anavuta koti lake lisijikunje. Nisimfiche, alikuwa anafurahi. Mtu aliyeacha shule kabla hajaijua vizuri, leo anasimamishwa mbele za watu kama shahidi, na neno lake halipingwi.

Aliyekuwa analipinga alikuwa nyumbani. Baridi na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alisoma akawa mwalimu wa fizikia shule ya sekondari. Hivyo mama akaitwa Mama Mwalimu mtaa mzima, na baba, pale mkewe alipokuwa na furaha naye, akaitwa Baba Mwalimu. Kijana alikuwa mcheshi, mwenye maneno kama kasuku, na mezani alikuwa haachi kitu kipite.

"Baba," alisema Jumapili moja baada ya ibada, akicheka, "siku ukisimamishwa tena mwambie Mchungaji na bei ya mafuta. Huko kwake nani anajaza tangi?"

"Wewe cheka," mama akasema. "Cheka tu."

"Sicheki, Mama. Tazama hii chai. Uliimimina ikiwa inachemka, sasa inanyweka. Joto lake limekwenda wapi? Limo kwenye kikombe, limo kwenye meza, limo humu hewani. Joto ni kiguu na njia, halikai. Linatoka penye moto linakwenda penye baridi, basi, hiyo ndiyo kazi yake. Sasa nipe hiyo jehanamu. Imefungwa kotekote, hakuna pa kutokea, na ni ya milele. Joto litatembea humo mpaka ukuta, hewa, mwenye dhambi na shetani mwenyewe wote wawe sawasawa. Vikishakuwa sawasawa, hakuna anayemuunguza mwenzake. Safari imekwisha. Watakaa wanatazamana."

"Na wewe utakuwepo unawahesabia?"

"Mimi nitakwenda na kipimajoto, Mama. Lazima mtu akapime."

Mama alimtupia kitambaa cha kufutia meza kikampata usoni, wote watatu wakacheka. Baridi alicheka pia, ingawa alijifanya anakohoa, maana yeye alikuwa shahidi wa upande wa pili.

Haukupita muda mrefu homa ya uti wa mgongo ikamchukua yule kijana. Alianza kuumwa kichwa darasani, akafikishwa hospitali haongei, na hakuongea tena. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwuliza kama bado anashikilia yale yake.

Mazikoni Mchungaji alikuwa mpole sana. Alisoma yote ya kusomwa, akasifu ualimu wa marehemu na heshima yake kwa wazazi. Lakini kuna yale maneno ambayo alikuwa hayaachi kwenye mazishi yoyote, kwamba tutaonana naye kwa furaha. Alipoyakaribia alikohoa, akafunga kitabu, akaanzisha wimbo. Wengi hawakusikia kitu. Mama Mwalimu alisikia. Baada ya watu kutawanyika alimfuata kwenye gari lake, akamwuliza kwa nini ameyaruka, na Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale uongo ungemfaa, alimshika mkono akasema, "Mama, mlango ni mmoja. Tumwachie Mungu."

Basi. Tangu siku hiyo Mama Mwalimu hakuwasha jiko.

Hakutangaza. Baridi alirudi kazini akakuta mkate na maji. Kesho yake mkate na ndizi mbivu. Majirani walipoacha kuleta vyakula, kama ilivyo kawaida ya majirani, mambo yakawa ni hayo hayo. Jiko la mkaa lilikaa uani linajaa majivu ya zamani na maji ya mvua. Siku moja Baridi alichukua kiberiti mwenyewe. Mkewe akatoka mbio chumbani, akampiga mkono, kile kiberiti kikaanguka.

"Usiwashe. Nikiuona moto ninamwona yeye ndani."

"Utakula nini, mama?"

"Sili."

Na kweli alikuwa hali, au anadonoa kama ndege. Nguo zikaanza kumpwaya. Alipoinama kufagia, mifupa ya mgongo ilihesabika chini ya gauni. Baridi aliyaona hayo yote kama mtu anayetazama dirishani nyumba ya mtu mwingine. Hapa ndipo pagumu kumweleza. Hakuwa mtu mgumu. Alimpenda mwanawe kama macho yake. Lakini tangu pale hospitalini kitu ndani yake kilinyamaza, kama mashine iliyokatiwa umeme, na hakuna aliyerudi kuiwasha. Hakulia mazikoni. Hakulia baadaye. Alikuwa anaamka, anavaa buti, anakwenda, anarudi. Kazini alikuwa na mwenzake aliyeitwa Redio, kwa sababu hazimwi. Redio alijaribu kumchangamsha.

"Mzee, hata tanuri likitoboka hukohoi. Lia basi kidogo tukusaidie."

"Nitalia."

"Lini? Tuombe ruhusa?"

"Li hai?" Baridi aliuliza, kwa sababu zamu zilikuwa zinapokezana.

Redio akatazama chini. "Li hai, mzee."

"Nimelipokea."

Akachukua kioo cheusi, akachungulia. Watu wengi hawajui kwamba tanuri likiwa katika moto wake kamili, ndani hakuonekani kitu. Mgeni hudhani atauona uji, na ukuta, na ndimi za moto zikirukaruka. Haoni. Kila kitu kimepata joto moja na kimekuwa na mwanga mmoja, huwezi kusema huu ukuta, hiki kioo, hii hewa. Ni weupe tu, kama mtu amekufunika uso kwa shuka. Baridi alikuwa ameutazama weupe ule karibu maisha yake yote ya kazi, na siku ile ndipo yalipomjia yale maneno ya kikombe cha chai. Sawasawa. Safari imekwisha. Alisimama pale hajui anafikiri juu ya mwanawe au juu yake mwenyewe, mpaka Redio akamvuta kola.

Jioni alimweleza mkewe. Alifikiri amempelekea dawa.

"Mama Mwalimu, nimetazama. Alichosema ni kweli. Kukiwa sawasawa hakuna kinachounguza."

Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Ndiyo hayo uliyoniletea?"

"Ni sheria zenyewe. Alizisomea."

"Mimi sikuzaa sheria. Na wewe si ndiye uliyesimama? Kanisa zima likakusikia. Haujazimika, haujazimika. Leo unaniambia hauunguzi? Alisema atakwenda, Baba Mwalimu. Kwa kinywa chake. Mimi nikamtupia kitambaa."

"Alikuwa anatania."

"Najua alikuwa anatania!" alisema, na hiyo ikawa sauti kubwa ya mwisho iliyosikika nyumba ile kwa kitambo.

Mchungaji alipata habari kwamba Mama Mwalimu anaisha, akaja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, na mama alibaki chumbani, mlango umerudishiwa, lakini nyumba yenyewe vyumba viwili, hakuna lisilosikika.

"Ule si moto wa mafuta, Baridi," alisema kwa upole. "Aliyeweka sheria za hivi vitu anaweza kuziweka kando. Anaweza kuweka moto unaowaka usile, na mtu anayeungua asiishe. Mwanao, Mungu amrehemu, alipima kwa kipimo cha huku."

"Sawa, Mchungaji. Ni wa aina nyingine."

"Wa aina nyingine kabisa."

"Haufanani na wa kwetu."

"Haufanani."

"Sasa mbona ulikuwa unanisimamisha?"

Baridi hakuuliza kwa kumkomoa. Aliuliza kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. Mchungaji aligeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Ulikuwa mfano tu, mzee wangu. Watu wanahitaji kitu cha kushika."

"Mke wangu amekishika," Baridi akasema. "Hakiachii."

Mchungaji aliomba, sala ndefu na nzuri, na katika sala hiyo alimtaja marehemu, jambo ambalo Baridi aliliona ila hakuweza kulifurahia. Alipoondoka alisahau kuaga.

Mwaka huohuo tanuri likafika mwisho wake. Halikuharibika. Lilikuwa limezeeka, kuta zimeliwa na kile kioo zinachokibeba, na wakubwa wakaamua lilazwe lijengwe upya. Kulaza tanuri ni kazi ya wazee. Kwanza uji unafunguliwa mlango wa chini, unamwagika kwenye mfereji wa maji kwa kishindo, halafu mafuta yanapunguzwa kidogo kidogo, maana lazima lipoe polepole kama mgonjwa anayeteremshwa kitandani. Siku ya mwisho Baridi ndiye aliyefunga bomba la mafuta. Ukimya ulioingia pale ulikuwa mgeni, vijana wakawa wananong'ona bila kujua kwa nini. Redio alikuja kupokea zamu.

"Sasa tunasemaje, mzee?"

"Nenda nyumbani," Baridi akamwambia.

Lilipopoa, kabla waashi hawajaanza kubomoa, aliomba ruhusa kwa msimamizi, akamleta mkewe. Alikuwa hajawahi kufika. Miaka yote aliyomfulia zile ovaroli hajawahi kuuona moto wenyewe, alikuwa anausikia kanisani kama wenzake. Baridi alimvalisha glavu, na kofia ya kiwandani ikamfika nyusini. Wakaingia kwa kuinama, kupitia upande uliokuwa umefunguliwa, yeye mbele na taa, mama nyuma ameshika koti lake.

Mama Mwalimu alisimama katikati akatazama huku na huku. Kulikuwa na giza na harufu ya vumbi. Kwenye dari kioo kilikuwa kimeganda kikining'inia, cha kijani, kama makamasi ya mtoto.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo."

"Mbona padogo?"

Kweli palikuwa padogo. Si zaidi ya darasa la shule.

Mkewe akavua ile glavu aliyopewa, akagusa ukuta. Akaacha kiganja pale. Yale matofali, ambayo yalipojengwa yalikuwa na unene wa mkono toka kiwiko hadi vidole, sasa mahali pengine yalibaki kama kipande cha mkate, na mahali pengine mwanga wa nje ulikuwa unapenya.

"Nini kimeyala hivi?"

"Moto wenyewe. Na kioo."

"Angeingizwa mtu humu wakati linawaka?"

Alifikiri kumdanganya, akaona hata uongo hana nguvu nao. "Asingekaa. Hata kilio kisingewahi kufika mdomoni. Hakuna kinachoingia humu kikabaki kama kilivyokuwa. Ama kinakwisha, ama kinakuwa kioo."

"Na baadaye?"

"Kwa moto huu hakuna baadaye."

"Na kwa ule mwingine?"

Nje waashi walikuwa wanashusha vyuma, mmoja anapiga mluzi. Baridi alitaka kusema yale ya joto na safari yake, yakamfika kooni, akaona si yake, ni ya mwenyewe aliyekwenda nayo.

"Ule mwingine sijauona," alisema. "Nilikuwa nasimama nashuhudia huu. Ule sijawahi kuuona, wala Mchungaji hajauona, wala mtoto hakuuona. Mimi ninaujua huu tu, na huu umezimwa. Nimeuzima mimi."

Mama Mwalimu aliendelea kushika ukuta. Kisha akajifuta vumbi kwenye gauni, akasema, "Basi kawaambie."

"Kina nani?"

"Wale wale uliowaambia mwanzo."

Jumapili iliyofuata hakusimamishwa. Mchungaji alikuwa anahubiri habari nyingine, ya mpanzi na mbegu. Ilipofika nafasi ya matangazo, baada ya katibu kutangaza usafi wa uwanja, Baridi alijiinua. Magoti yalilia. Watu wakageuka, na wengine walitabasamu, wakidhani mambo ya zamani yamerudi.

"Nina tangazo," alisema. "Lile tanuri la kwetu limezimwa. Nilikuwa nawaambia halizimiki. Limezimwa, na ndani nimeingia, mimi na mama. Mtu asinishike tena kwa yale maneno. Ni hayo tu."

Hakuna kilichotokea. Mtoto alilia nyuma, akatolewa. Mtu mmoja alisema "amina" kwa mazoea, mkewe akamkanyaga mguu. Mchungaji alibaki ameshika meza ya mahubiri kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Tumekusikia, mzee. Asante. Kaa." Kisha akatangaza wimbo, na sauti yake ilichelewa kuingia kwenye ubeti wa kwanza.

Baridi alikaa, akasubiri ajisikie mwepesi. Hakujisikia mwepesi, wala mzito. Mkewe, aliyekaa upande wa wanawake, hakugeuka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika, Mama Mwalimu alivua viatu, akasimama mlangoni mwa ua akitazama jiko lililojaa majivu yenye maji.

"Vumbi la kule halijanitoka mpaka leo," alisema. "Nichemshie maji nioge. Mimi nitakaa ndani."

Baridi hakuuliza mara mbili, asije akaghairi. Alimwaga yale majivu, akakausha jiko kwa gunia, akatia mkaa, akawasha. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukasumbua, ukatoa moshi. Aliupepea kwa kifuniko cha ndoo huku akisikiliza kama kuna hatua zinakuja kumkataza. Hakuna. Akabandika sufuria.

"Yamepata moto?" mkewe akauliza toka ndani.

Baridi alitia vidole majini. Akavitazama vikiwa humo. Vidole vya mtu wa tanuri vina ngozi kama kwato, havijui tena kutofautisha mambo.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Sijui, mama. Njoo uyaguse."

Kisha Mama Mwalimu akatoka, na kanga mabegani, uso ameuelekeza pembeni. Alikuja mpaka penye jiko bila kuangalia chini, akanyoosha mkono, akagusa maji kwa ncha ya kidole, akauondoa haraka.

"Yanachemka haya! Unataka kuninyonyoa kama kuku? Toa mkono wako humo, baba we!"

Aliutoa. Vidole vilikuwa vyekundu. Mkewe alivishika, akavigeuza, akavipulizia kama anavyopuliziwa mtoto, na wakati anafanya hivyo aliutazama mkaa, akaendelea kuutazama.

Alioga. Baridi alibaki uani, anasikia maji yakimwagika sakafuni. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri sasa, na ilikuwa hasara kuuacha uishe bure, kwa hiyo alitafuta mchele kwenye kopo, akauchambua juu ya sinia, akaubandika. Wali ukatoka bokoboko, laini kama uji, maana hakuwa mpishi. Mkewe alitoka amefunga kichwa, akaketi kwenye kigoda, upande wa pili wa jiko, mbali kidogo.

"Hauna chumvi," alisema alipoonja.

"Nikuletee?"

"Acha. Kaa."

Alikula nusu ya kilichokuwa kwenye sahani, polepole, akipumzika katikati. Baridi alikula kilichobaki. Hakusikia ladha yoyote, lakini alikula chote, kisha akasimama kwenda kuosha vyombo.